Rula Ilipita Juu ya Ziwa

Kila jioni Msumari alifanya kazi zake za shule kwenye pembe ya meza ya mama yake, cherehani ikinguruma karibu na sikio lake. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu akishang'ang'ania jambo, hang'oki. Siku hiyo alikuwa anaringa. Mwalimu wa jiografia alitaka umbali wa kwenda mji wa pili, kwenye mashindano ya chemsha bongo, na yeye ndiye aliyejibu wa kwanza: kilomita mia na sitini. Saa ya kuondoka ikapangwa kwa hesabu yake, naye akazawadiwa kiti cha mbele ndani ya basi.

"Hebu niione hiyo ramani," mama alisema, akikata uzi kwa meno. Alitazama mstari wa penseli, akacheka. "Mwanangu, basi lenu linajua kuogelea?"

Msumari akainama. Mstari wake ulikuwa umekata ziwa katikati! Alinyakua uzi wa mama, akaulaza juu ya barabara, kona kwa kona, kisha akaunyoosha kwenye rula. Ulikaribia mara mbili ya mstari wake. Ile mia na sitini ilikuwa njia ya ndege.

Asubuhi alimweleza rafiki yake wa dawati moja.

"Una wazimu?" rafiki alinong'ona. "Mwalimu ameshakusifu. Funga mdomo wako!"

"Tukichelewa tutakuta lango la mashindano limefungwa."

"Atalaumiwa dereva. Ukisema, usinijue tena!"

"Basi nisikujue. Sinyamazi ng'o!"

Mwalimu alipoingia tu, Msumari akasimama. "Mwalimu, jibu langu si sahihi. Nilipima njia ya ndege, na sisi hatuna mabawa."

Darasa likaangua kicheko. "Rubani! Rubani!"

Masikio yalimwaka moto, lakini hakuketi. "Chekeni mpaka mbavu ziwaume. Basi lisipoondoka alfajiri, hatufiki!"

Mwalimu aliuchukua uzi ambao Msumari alikuja nao, akapima mwenyewe. "Tutaondoka alfajiri," alisema. "Hata mimi nilikusifu kabla ya kuangalia ramani."

"Na kiti cha mbele?" mmoja akauliza.

"Mpeni mwingine," Msumari alijibu. "Sikukipata kihalali."

Siku ya safari alikaa nyuma kabisa, juu ya gurudumu, kila shimo likimrusha. Barabara ililizunguka ziwa kana kwamba haitaki kuliacha. Rafiki yake alihesabu kona mpaka akachoka, akaja kujibana karibu naye.

"Kumbe ziwa lote hili! Hebu sogea."

Walifika mlinzi akianza kusukuma lango.

Mwalimu alimsimamisha Msumari mlangoni mwa basi. "Kukosea si uongo," alimwambia, wenzake wote wakisikia. "Uongo ungeanza pale ulipojua ukweli, kama ungenyamaza. Ukweli usemwe hata ukichekwa." Kisha akampisha njia. "Haya, Rubani, tangulia."

Safari hii hakuna aliyecheka.