Sumaku ya Gitaa la Mihayo

Saa tatu asubuhi, katika Nyumba ya Sauti mjini Tabora, kisomasumaku kilikuwa kinalisikiliza gitaa ambalo halikupigwa kwa miaka tisini. Mkono mwembamba wa mashine ulipita juu ya nyuzi zenye kutu, ukasimama karibu kabisa na kinasa, na chumba kikajaa watu wasiokuwepo: mpiga solo akijaribu nyuzi, mtu akikohoa, mhudumu akilalamika kwamba meza ya nne wanataka bia baridi na barafu imekwisha. Wote hao walikwisha kufa, na bado walikuwa na kiu.

Mashine hiyo ilibuniwa na Mhandisi Nyanzala Mihayo, mwanamke wa miaka arobaini na tisa, mkali kidogo, asiyependa kusifiwa mbele za watu lakini ananuna asiposifiwa. Ili kuielewa mashine yake, ni lazima kwanza kulielewa gitaa.

Gitaa la umeme lilizaliwa kwa sababu ya kelele. Gitaa la mbao lilikuwa na sauti ndogo, na mbele ya tarumbeta na ngoma za bendi kubwa mpigaji alikuwa anachosha vidole bure. Mafundi wa karne ya ishirini wakatega chini ya nyuzi sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba. Uzi wa chuma ukitikisika, sumaku inasumbuka, umeme mdogo unazaliwa, na amplifaya inaukuza. Hicho ndicho kinasa. Kisha wakaona kwamba gitaa lenye tumbo wazi hupiga mayowe sauti ikipandishwa, wakaliziba tumbo, likawa ubao mtupu. Baadaye zikaja kompyuta, zikaiga kila gitaa lililowahi kutengenezwa, zikamaliza zikageukia wapigaji wenyewe. Kufikia mwaka 2050 mtu aliweza kusikiliza solo mwaka mzima bila kidole cha binadamu kugusa uzi popote duniani. Bendi chache tu zilikasirika, zikafukua vyombo vya babu zao na kuvipiga kwa mikono.

Nyanzala aligundua kwamba sumaku za vinasa husahau polepole sana. Kila mtikisiko uliacha alama yake, tabaka juu ya tabaka. Tena vinasa vya zamani, ambavyo havikujazwa nta ya kutosha, vilinasa hata maneno ya watu waliosimama karibu. Mashine ilikuwa na kasoro moja, kwamba kusoma ni kufuta. Sumaku ikishasomwa, haina kitu tena.

Gitaa lililofuata mezani lilikuwa la baba yake.

Mihayo Kapela alikuwa mpiga solo wa mojawapo ya zile bendi zenye hasira. Alikufa alasiri moja ya mwaka 2055, wakati wa mazoezi, kwa sababu amplifaya yake haikuwa na ethi. Ethi ni ule waya wa kijani na njano unaoupeleka ardhini umeme uliopotea njia. Wazembe huukata, kwa kuwa ukikatwa, mvumo unaokera kwenye spika hunyamaza. Siku ile kulikuwa na hitilafu ndani ya amplifaya, umeme ukafika mpaka kwenye nyuzi. Mihayo alizishika, akasogeza midomo kwenye maikrofoni aimbe, na umeme ukapata njia kupitia kwake.

Fundi mitambo wa bendi aliitwa Luhende. Polisi walimkuta na kipande cha waya huo mfukoni. Mahakamani hakujitetea hata kwa neno moja, akafungwa miaka minne. Alipotoka, Nyanzala alimsubiri mpaka yeye mwenyewe akawa mhandisi, kisha akaandika barua serikalini, na Luhende akapigwa marufuku kugusa kifaa chochote cha umeme maisha yake yote. Aliishia Urambo, akiuza asali kwenye chupa za maji.

Sasa Nyanzala alitaka vitu viwili. Nyimbo za baba yake alikuwa nazo zote, lakini hakuwa na hata dakika moja ya baba akizungumza. Na alitaka kumsikia Luhende akiukata ule waya. Kwa kanuni za Nyumba ya Sauti, sauti iliyosomwa ni lazima itambuliwe na mtu aliyekuwepo enzi hizo, asiye ndugu wa marehemu. Isipotambuliwa, inafutwa papo hapo. Kanuni hiyo aliiandika Nyanzala mwenyewe, mtu asije akasema amejipikia ushahidi. Na katika bendi nzima, aliyebaki hai alikuwa Luhende peke yake.

Mzee aliingia ameshika kofia mkononi. Alikuwa na miaka themanini na miwili. Nyanzala hakumpa shikamoo, alimwonyesha tu kiti.

"Mwanangu," Luhende alisema bila kukaa, "hili gitaa naomba uliache."

"Unaogopa?"

"Naogopa, ndiyo."

"Miaka arobaini na mitatu umekaa kimya, mzee. Leo litasema lenyewe."

"Nimetoka Urambo kwa jambo hilo tu, nije nikuombe. Si nasikia sumaku husomwa mara moja? Basi isisomwe. Nipe karatasi, niandike kwamba waya niliukata mimi. Nitatia sahihi, na dole gumba nitaweka."

Mtu mwingine angejiuliza kwa nini mkosaji anakiri kwa haraka namna ile. Nyanzala hakujiuliza. Alikuwa amemchukia mzee huyu tangu utotoni, na chuki ya muda mrefu humfanya mtu kuwa mjinga hata akiwa na shahada tatu. Alibonyeza kitufe.

Kwanza ulisikika mvumo, mzito na wa kukera, ukazimika. Kisha mwanamume akacheka, karibu kabisa, na Nyanzala akashika ukingo wa meza. Alikuwa amesahau kwamba baba yake alikuwa na kithembe kidogo.

"Luhende kaenda kutafuta fyuzi," sauti ilisema. "Tukimngoja yeye hatupigi leo. Nyanza! Njoo hapa. Mkono wangu hauingii humu nyuma, wako mdogo. Umeuona waya wa kijani na njano?"

"Nimeuona, baba."

"Haya, uvute. Usiogope, nimeshachomoa umeme. Kwa nguvu, mama! Ehee."

Kitu kilikatika. Plagi ikarudishwa, swichi ikalia, na mvumo haukurudi.

"Umesikia hiyo? Shwari! Haya, nani fundi hapa?"

"Mimi!"

"Wewe. Kaa pale kwenye kiti uniangalie."

Hatua mbili zikasikika, mtu akakohoa kusafisha koo. Kisha nyuzi sita zikapigwa kwa pamoja, vibaya, na hazikupigwa tena.

Nyanzala alijaribu kukumbuka amplifaya ile, nyuma yake, giza la ndani yake. Hakukumbuka lolote.

"Niliporudi na fyuzi ulikuwa umekaa kwenye kiti," Luhende alisema taratibu. "Waya umeuviringisha kidoleni. Nikauchukua, nikautia mfukoni."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Mimi nilikuwa mtu mzima, jela ningeingia na kutoka. Wewe ulikuwa na miaka sita."

Mashine ilizungumza kwa sauti yake ya upole. "Sauti ya kwanza, mwanamume. Shahidi, taja jina."

Luhende alikaa kwenye kiti kwa mara ya kwanza. Alikuwa amefanya kazi na Mihayo miaka kumi na mmoja.

"Simtambui."

"Mzee, hapana," Nyanzala alisema.

"Sauti ya pili, mtoto wa kike. Shahidi, taja jina."

"Huyo naye simtambui."

"Ni baba yangu!" Nyanzala aliipigia mashine kelele. "Mwanamume ni Mihayo Kapela. Mtoto ni Nyanzala Mihayo. Ni mimi, andika!"

"Maneno ya ndugu wa marehemu hayapokelewi."

Alimgeukia mzee, akapiga magoti sakafuni na kumshika mikono yote miwili. "Baba, nakuomba, sema. Utakufa unaitwa muuaji. Na yeye watamfuta, sitamsikia tena."

Luhende alikuwa analia, lakini sauti yake haikutikisika. "Yakiandikwa hapa yatasomwa na kila mtu. Watoto wako watayasoma. Umejua wewe, inatosha." Akaichomoa mikono yake polepole, akavaa kofia, akaenda kuwahi basi la Urambo la saa sita.

Nyanzala alilitaja jina lake mara ya pili, kwa sauti kubwa zaidi. Akataja na umri wake wa siku ile, na waya, na kidole. Mashine ilimjibu kwa adabu kwamba sauti mbili zisizotambuliwa zimefutwa, na kikao kimefungwa.