Hodhi la Ghorofa ya Tatu

Kwa habari za mifereji, mtaa wetu mzima wa Kianda hakuna wa kunishinda, ingawa wangu mwenyewe unavuja tangu Krismasi na bado sijapata dawa yake. Nekoye angeuponya kwa dakika kumi. Mwanamke huyo alikuwa fundi wa mabomba, na kila Jumamosi asubuhi aliondoka Kianda na mfuko wake wa spana, binti yake Nasambu, wa miaka kumi na miwili, akimfuata nyuma.

Jumamosi moja walikuwa kwenye jengo la Nyayo Highrise, ghorofa ya tatu, kwa Mama Syombua. Nekoye alibadilisha mpira uliochakaa ndani ya mfereji wa hodhi la kuogea, kisha akakaza bomba la mvua. Ilikuwa kazi ya majaribio. Ikimpendeza Mama Syombua, mwenyekiti wa wapangaji, Nekoye angekabidhiwa nyumba zote za jengo hilo. Isipompendeza, kwaheri.

"Napanda juu na Mama Syombua kufungua koki ya tangi," alisema. "Kaa hapa. Maji yakija, angalia kama kuna mahali panavuja. Usiguse kitu."

"Sawa, Mama."

Nasambu akabaki akilitazama lile hodhi, jeupe, refu kama kitanda. Kwao aliogea kwenye karai. Akafungua mfereji. Kimya. Sasa, kule Kianda mfereji mkavu haufungwi. Unauacha wazi, unatega mtungi chini yake, unaenda zako. Maji yakifika yatakuita yenyewe. Nasambu akafanya vivyo hivyo. Akachukua kizibo, akaziba tundu la hodhi ili hata tone lisipotee, akatoka kwenye roshani kutazama wasichana wakiruka kamba huko chini, akajisahau.

Lakini maji yalimwita Osewe kwanza. Osewe alikaa ghorofa ya pili, na sasa alikuwa akiugonga mlango kana kwamba nyumba inaungua.

"Nani ananimwagia maji? Fungua!"

Nasambu alikimbilia bafuni. Maji yalimfika vifundoni. Akaushika mfereji, akauzungusha, ukazidi kumwaga! Akauzungusha upande wa pili hadi ukanyamaza.

Nekoye na Mama Syombua, waliokuwa bado juu wakikagua tangi, waliteremka mbio, wakaingia pamoja na Osewe.

"Ni nini hii?" Mama Syombua aliuliza.

"Mfereji... umefunguka wenyewe," Nasambu alisema.

"Si nilijua!" Osewe akadakia. "Fundi gani huyu? Anajifunzia kazi juu ya dari yangu!"

Nekoye alifunga koki ya bafuni, akapiga magoti majini, akaufungua ule mfereji. Akautoa mpira mpya, akaugeuza mwangani. Mzima. Akaurudisha, akautoa tena.

"Pengine nimekosea mimi," Nekoye alisema polepole. "Mama Syombua, tafuta fundi mwingine."

Akanyoosha mkono ndani ya hodhi ili ayatoe maji. Mkono ukasimama.

"Nasambu. Tuseme mfereji umejifungua. Na kizibo je? Nacho kimetembea kikajiziba chenyewe?"

Machozi yakamtoka Nasambu kwa wingi. "Ni mimi, Mama. Niliutega kama nyumbani."

"Kusahau mfereji, tungepiga deki, basi," Nekoye alisema. "Lakini uliponidanganya, umenifanya nibomoe kitu kizima nikitafuta ugonjwa ambao haupo. Nusura nijifukuze kazi! Ukikosea, mwanangu, sema mapema."

Mama Syombua akashusha pumzi. "Mfereji mzima, fundi mzima. Jumatatu uanze ghorofa ya nne. Na wewe Nasambu, tambara lile pale."

"Ukweli ni kitu kizuri," Osewe alikubali, akikunja mikono kifuani. "Lakini televisheni yangu je? Imeingia maji, imekufa kabisa. Haitoi hata sauti!"

Papo hapo, chini ya miguu yao, mtangazaji wa kandanda akapasua koo: "Gooooli!"

Wote wakamgeukia Osewe. Nasambu akampa tambara la pili.