Fundo la Mkono wa Kushoto

"Mwenyekiti, mtego huu ni wa baba yangu!"

Aliyesema hivyo ni binti yangu wa kuzaa. Naisiae. Mbele ya kijiji kizima... mbele ya rika langu... na mimi nimekaa meza kuu, kalamu mkononi!

Ndugu wasomaji, wengi wenu mliiona ile video miaka mitatu iliyopita. "Binti amchoma baba yake mkutanoni." Mkacheka. Mkamtukana. Mimi ndiye yule mzee mwenye koti la kijivu. Leo nawaomba msome mpaka mwisho.

Naitwa Nathanaeli. Nina miaka sabini na mbili. Nalima maharage na kufuga upande wa magharibi wa Mlima Meru. Kusoma nilijifunza ukubwani, darasa la jioni, kwa taa ya chemli. Ndiyo maana walinichagua kuwa katibu wa kamati ya wanyamapori ya kijiji. Najivunia hilo... au niseme, nilikuwa najivunia.

Naisiae alikuwa askari wa wanyamapori wa kijiji. Kiangazi kile punda milia walishuka kufuata maji, wakawa wanakatiza mashambani. Asubuhi unakuta maharage yamelala kama yamechapwa fimbo.

"Baba, tuwaachie njia," aliniambia. "Hatua ishirini tu, kando ya korongo. Pembeni tufunge kamba zenye vitambaa vya pilipili na oili chafu. Hawataligusa shamba."

"Shamba la babu yangu lipitwe na punda?"

"Walikuwa wanapita kabla ya babu yako."

"Umesoma sana wewe!"

"Nimekufuata wewe, baba."

Mama yake, Nosim, alicheka mpaka akamwaga chai. Mimi sikucheka.

Wiki tatu baadaye, punda milia jike alikutwa amekufa kwenye mtego wa waya, mpakani mwa shamba langu na la jirani yangu Elisaria. Alikuwa na mimba. Mtoto alibakiza siku chache tu azaliwe... milia yake yote ilishajichora.

Kijiji kikawaka. Elisaria ni masikini, na aliwahi kukutwa na nyama ya porini. Nani mwingine?

"Mpelekeni polisi huyo!" vijana wakapiga kelele.

Elisaria akalia. "Jamani, sijatega mimi! Haki ya Mungu!"

Hapo ndipo Naisiae aliposimama na ule waya.

"Angalieni fundo. Limesokotwa kwa mkono wa kushoto. Elisaria anatumia kulia."

"Sasa nani anatumia kushoto?" mwenyekiti akauliza.

Naisiae akaniangalia. Machozi yanamtoka. Ndipo akalitamka lile neno mlilolisikia kwenye video.

Sikupandisha sauti. Nilisimama, nikanyanyua daftari la mihtasari.

"Jamani, miaka kumi na moja mnaniona nikiandika hapa. Naandika kwa mkono gani?"

"Kuliaaa!"

"Nimemaliza."

Makofi! Kijana mmoja akaropoka, "Dada kachemka! Mzee kamzima!"

Nikamgeukia binti yangu.

"Usikanyage boma langu mpaka nikuite."

Kwetu, neno la baba lililotamkwa mbele ya watu halifutwi chumbani. Linafutwa mbele ya watu. Naisiae alilijua hilo. Akavua kofia yake ya kazi, akaiweka mezani, akaondoka.

Elisaria alikaa ndani miezi mitano. Alipotoka alihama kwa aibu.

Sasa niwaambie ambacho video haikuwaonyesha.

Mwalimu wa darasa la jioni ndiye aliyenizoesha kuandika kwa kulia, maana kwa kushoto nilikuwa naufuta wino kwa kiganja. Lakini jembe, panga na koleo nashika kwa kushoto mpaka leo.

Mtego ulikuwa wangu!

Na haukuwa mmoja. Kila nikitega, asubuhi waya haupo. Nikasema, wezi hawa! Natega mwingine.

Mwaka jana Nosim alifariki. Tulimzika nyuma ya nyumba. Mchungaji anasoma, mimi nikamwona Naisiae nje ya lango, ana mtoto mgongoni. Mjukuu wangu... sijawahi kumshika. Alikuwa anasubiri nimuite. Mama yake anafukiwa, yeye kashika mti wa lango.

Watu wakaniangalia. Mimi nikaangalia udongo.

Sikumuita!

Baada ya matanga nilifungua sanduku la Nosim ili tugawe nguo zake. Chini kabisa, ndani ya kanga, nikakuta nyaya kumi na tatu. Zote zimesokotwa kushoto.

Nikamuita Lemburis, aliyekuwa akifanya doria na binti yangu.

"Hizi zimetoka wapi?"

"Mzee, kumbe hukujua? Kila alfajiri alianzia shambani kwako, sisi hatujafika. Anategua, anampa mama yake afiche. Alikuwa anasema, 'Baba atachoka mwenyewe.'"

"Na ule mmoja?"

"Siku hiyo alikuwa na malaria. Hakuamka."

"Mbona hukusema mkutanoni?"

"Binti yako alisema, mzee. Mlimfanya nini?"

Mtoto alinisitiri mara kumi na tatu, mimi nikamfanya mwongo. Alichoshindwa ni kimoja tu: kumwona asiye na kosa akifungwa.

Nikaenda mjini, Kimandolu, alikopanga. Nikagonga geti.

"Shikamoo, baba," akasema akiwa ndani. Hakufungua.

"Marahaba. Nimekuja kukuita nyumbani, mwanangu."

"Kijiji kizima kilikusikia, baba. Simu za watu wote zilikusikia. Hapa tuko wawili na geti."

Nikasikia sauti ndogo, "Mama, nani huyo?"

Nikasikia akimnyanyua mtoto.

"Mgeni," akajibu.

Ndiyo maana naandika hapa mtandaoni, mahali mlipomtukana kwa ajili yangu. Juzi nimekiri mkutanoni na ukatibu nimeurudisha. Elisaria nilimfuata alikohamia. Hakunipa mkono, na ana haki. Kesho asubuhi naenda polisi na zile nyaya.

Naisiae, ulisema kweli. Baba yako ndiye aliyedanganya. Nakuita nyumbani... mbele ya watu wote hawa.

Ndugu zangu, elimu ambayo haijakufundisha kusema "nimekosa" ni wino tu. Mimi nilijifunza kusoma nikiwa mtu mzima. Neno hilo nimelijifunza nikiwa mzee, na limenigharimu mke aliyekufa akinifichia na mtoto anayeniita mgeni.

Zile hatua ishirini nimeziacha. Kamba za pilipili nimefunga. Maharage yamesimama. Jioni punda milia wanapita na watoto wao kwenda kwenye maji, wala hawageuki kuniangalia.

Punda milia nimewafungulia njia. Mwanangu ndiye niliyemfungia.

Lango la boma liko wazi tangu Jumapili, mchana kutwa. Nimeweka kigoda pale pale, nakaa... ng'ombe wasije wakatoka kabla hajafika.