Kilomita Ishirini na Nane

Mahali palipokuwa na daraja la magogo sasa palikuwa na maji tu. Mto ulikuwa umepanda hadi kwenye vichaka vya ukingoni, mwekundu kama tofali bichi, ukisukuma mawe yaliyogongana chini kwa chini kama meza zinazoburutwa ghorofani. Fundi saa alishuka kwenye baiskeli, akafuta kwa kidole gumba kioo cha kimita cha kuhesabu kilomita kilichofungwa kwenye usukani, akasoma: thelathini na tisa. Nyuma yake alifika shemeji yake, kaka wa mkewe, akihema, tope limempanda mpaka kwenye nyusi.

"Haya, Dakika," alisema shemeji. "Mto umesema. Turudi."

"Tumebakiza ishirini na nane tu."

"Ishirini na nane za ng'ambo. Sisi tuko huku."

Jina la Dakika alipewa na wateja, kwa sababu kila saa aliyoletewa aliiahidi "dakika mbili", nayo ikalala dukani wiki mbili. Alikuwa na miaka arobaini na saba, na ishirini na miwili kati ya hiyo aliimaliza juu ya stuli moja, jicho moja kwenye lenzi, mgongo umepinda kama ndoana. Mwaka uliotangulia daktari alimwambia kwamba akiendelea hivyo atazikwa amekaa. Ndipo akanunua baiskeli ya milimani, na kwa kuwa kazi yake ilikuwa ya vipimo, hili nalo akalipima. Ndani ya mlango wa kabati la duka alibandika karatasi ya miraba, akaandika malengo manne ya mwaka: atimize kilomita elfu mbili na mia tano, apunguze kilo nane, aushuke mteremko wa mawe nyuma ya machimbo bila kuweka mguu chini, na auvuke mlima kwa siku moja, kutoka mjini hadi barabara ya upande wa pili. Mstari mwekundu ulionyesha alipopaswa kuwa. Mstari wa buluu, aliouongeza kila Jumapili, ulionyesha alipokuwa. Mwezi wa tano mgongo ulimlaza, buluu ikabaki nyuma, na tangu hapo ilikuwa ikiukimbiza mwekundu kama mbwa anayekimbiza gari.

Kilo zilikuwa zimepungua tano. Mteremko wa mawe ulikuwa umemwangusha mara sita. Lakini asubuhi ya Jumamosi hiyo, ya mwisho ya mwaka, jumla yake ilikuwa elfu mbili mia nne thelathini na tatu, na njia ya kuvuka mlima ilikuwa kilomita sitini na saba. Hesabu iliingia kama ufunguo kwenye kufuli. Siku moja, malengo mawili.

Alimwambia mkewe kwamba wanakwenda kuzunguka bwawa, kwenye njia tambarare, kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha siku nne na mke angekataa. Shemeji aliusikia uongo ule, akanyamaza. Yeye alikuwa mpaka rangi, mwanamume mnene, mcheshi, mwenye baiskeli nzito ya mtumba aliyoipaka rangi ya ukuta iliyobaki kazini. Hakuwa na karatasi wala malengo. Alikuwa akija kwa sababu dada yake alimwomba: "Mwangalie mume wangu, asije akaanguka huko peke yake."

"Huko juu mto ni mwembamba," alisema Dakika. "Tukifuata ukingo tutapata pa kuvukia."

Shemeji aliyatazama mawingu yaliyokalia miti kama godoro lililoloa. "Mimi nakufuata. Ila nikifa, dada atakuua na wewe, tutazikwa pamoja, na mimi siwezi kulala karibu na mtu anayekoroma."

Hapo ndipo walipocheka mara ya mwisho.

Walipanda wakisukuma baiskeli kwenye kijinjia cha wanyama, mto ukinguruma chini upande wa kushoto. Mvua ilirudi. Walikuwa wamekwenda chini ya saa moja Dakika aliposikia nyuma yake mlio kama wa shuka linalopasuliwa. Aligeuka. Kijinjia hakikuwepo, na shemeji hakuwepo. Palikuwa na kidonda chekundu kwenye mlima, na mwisho wake, mita kumi na tano chini, baiskeli ya rangi ya ukuta ikizungusha gurudumu moja hewani.

Aliteremka kwa makalio. Shemeji alikuwa amekaa ameegemea mwamba, macho makavu, akiutazama mguu wake wa kulia kana kwamba ni wa mtu mwingine. Chini ya goti muundi ulikuwa umevunjika, na ncha ya mfupa ilichungulia nje, nyeupe, safi mno katikati ya tope lile.

"Usiuguse," alisema.

"Lazima niufunge."

"Basi sema kitu kingine wakati unafunga."

Dakika alitaja kila alichokishika: pampu upande huu, tawi upande ule, tyubu ya akiba kuzunguka mara nne, fulana juu ya jeraha. Alipovuta, shemeji alipiga ukelele mmoja, kisha akazimia. Simu ya Dakika ilikuwa imekunywa maji. Ya shemeji ilikuwa nzima, lakini haikuona mtandao, na mvua iliendelea kunyesha juu ya kioo chake mpaka kikazima.

Usiku walikaa chini ya mwamba wamekumbatiana, wakichoma vipande vya tairi kwa kiberiti cha gesi cha shemeji, wakimeza moshi mweusi kwa ajili ya joto la kiganja kimoja.

Kulipokucha Dakika aliitazama baiskeli yake iliyosalimika, akapata wazo. Alitoa kiti, akatandika makoti juu ya fremu, akamlaza shemeji kifudifudi juu yake, mguu mbovu umefungwa kwenye bomba la fremu kwa mnyororo uliovikwa soksi. Kisha akasukuma. Kurudi walikotoka hakukuwezekana, kwa kuwa kijinjia kilikuwa kimekwenda na maji. Alisukuma kufuata mto kwenda juu, maana kila mto mahali fulani huvukwa na barabara. Hivyo ndivyo alivyojiambia.

Gurudumu la mbele lilizunguka, na kimita, kwa ujinga wake, kikaendelea kuhesabu. Baada ya saa nzima Dakika alikisoma: kilikuwa kimeongeza mita mia mbili na ishirini. Aliondoa jiwe, akakata mzizi kwa kisu kidogo cha kufungulia saa, akasukuma, akamshika shemeji asidondoke. Mia tatu. Mia tatu na arobaini. Mwaka mzima alikuwa amezila kilomita elfu mbili na zaidi kama karanga, akizibandika ukutani apate kuzitazama, na sasa alilia kwa ajili ya mita sitini. Kufikia jioni kilikuwa kimeongeza kilomita moja na mita mia moja. Shemeji alikuwa na homa.

"Tumefika wapi?" aliuliza.

"Karibu."

"Dakika mbili?"

Harufu ya jeraha ilikuwa imeanza kupenya kwenye fulana.

Jumatatu asubuhi gurudumu la mbele liliingia kati ya mawe mawili, rimu ikakunjika kama chapati. Aliipiga kwa jiwe kuinyoosha, njiti zikakatika moja baada ya nyingine. Akaketi. Mvua ilikuwa imekoma, lakini ukungu ulishuka mzito hata miguu yake mwenyewe aliiona kwa shida.

"Wanatutafuta," alisema shemeji. Midomo yake ilikuwa imepasuka. "Dada lazima ameshapiga kelele."

"Wanatutafuta bwawani."

Maji yalidondoka kutoka kwenye majani. Shemeji alifumba macho, akayafumbua.

"Nilikuwa nimesahau," alisema.

Dakika alijaza chupa zote mbili kijitoni, akaziweka karibu na mkono wa shemeji. Akamfunika kwa makoti yote mawili na majani juu yake. Akampa jiwe la ukubwa wa ngumi. "Gonga fremu kila ukiweza. Nikirudi na watu tusikie."

"Dakika, usiende." Alisema polepole, bila mzaha, kwa sauti ambayo Dakika hakuwahi kuisikia kinywani mwake. "Kaa. Kama ni kufa, basi nife nikiwa na mtu. Siwezi kufa peke yangu kama mbuzi aliyepotea."

"Nitarudi leo leo."

"Hutaniona."

Aliondoka bila kugeuka nyuma.

Mto uliingia kwenye korongo lisilopitika, akalazimika kuuacha na kupita kwa juu. Ukungu ukameza sauti ya maji. Alitembea akitegemea mteremko, lakini mteremko ulipanda na kushuka bila mpango. Alikula majani machungu, akayatapika. Saa kadhaa baadaye alikuta alama za viatu kwenye tope, akazifuata mbio mpaka alipoona kisigino cha kushoto kilicholika upande. Vilikuwa viatu vyake. Alikuwa amezunguka kama mshale wa saa.

Hapo ndipo aliposikia: ko, ko, ko.

Jiwe juu ya chuma, karibu sana, hatua mia mbili labda, upande wa kulia. Alipiga hatua tatu kuelekea kule, na kifua kilichojaa moshi wa tairi kikatoa kikohozi.

Mlio ukakoma.

"Shem?" Sauti ilitoka kwenye ukungu, nyembamba, yenye matumaini ya kutisha. "Shem, ni wewe?"

Dakika aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Alijua kwa hakika, kama anavyojua saa iliyokufa hata kabla ya kuifungua, kwamba akienda kule ataketi, na akiketi hatanyanyuka tena. Tena sauti ile ilikuwa imempa kitu alichokikosa siku nzima: mwelekeo. Shemeji alikuwa ukingoni mwa mto. Barabara ya changarawe, kwa alivyoikumbuka kwenye ramani, ilikuwa upande mwingine wa mgongo huu wa mlima. Ilimtosha kuiweka sauti ile nyuma yake na kutembea.

"Shem! Niko huku! Huku!"

Kisha mlio wa jiwe ukaanza upya, haraka haraka, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba inayoungua. Dakika aliupa mgongo, akatembea, machozi na makamasi yakimtiririka. Ulipofifia alisimama akasikiliza ili ajue hajapinda, akasonga tena. Ulimwongoza hivyo mpaka jioni, mpaka ukawa hausikiki tena.

Jumanne kabla ya adhuhuri alitokeza kwenye barabara ya changarawe. Dereva wa greda aliyekuwa akisafisha maporomoko aliona kitu kikitambaa kutoka msituni, akafikiri ni mnyama. Alizima injini.

"Yuko mwingine," Dakika alisema. "Hai." Hakuwa na uhakika wa neno hilo la pili.

Watu saba walikwenda na machela na kamba. Walimkuta shemeji saa kumi na moja jioni. Alikuwa anapumua. Jiwe lilikuwa limepasuka vipande viwili, na mkono uliolishika ulikuwa umevimba, lakini ulikuwa bado unapanda na kushuka juu ya fremu, bila jiwe, bila mlio wowote.

Walimkata mguu juu ya goti usiku uleule. Alilala wiki tano hospitalini. Jeraha lilifunga, likafunguka, likafunga. Daktari hakuahidi kitu. Mke wa Dakika alimuuliza mumewe swali moja tu: kwa nini walisema bwawani. Alipojibiwa hakupiga kelele. Alihamia kulala sebuleni, akawa anampikia kaka yake chakula, akikipeleka mwenyewe, akirudi na vyombo vitupu bila salamu. Dukani wateja waliona fundi hasemi tena dakika mbili. Alisema, "Sijui. Pitia tu."

Alikwenda hospitali kila alasiri, dada mtu akishaondoka. Waliongea habari za mto, za uji, za mgonjwa wa kitanda cha tatu aliyekuwa akiimba usingizini. Siku moja, mwezi wa pili ukikaribia, shemeji alisema akiutazama mkono wake wa kulia:

"Jumatatu ile nilisikia mtu akikohoa."

Dakika aliweka chini kikombe. Angeweza kusema alikuwa mnyama, au kwamba ilikuwa homa. Shemeji alikuwa amemwachia mlango wazi; wengi wangepita.

"Nilikuwa mimi," alisema. "Nilipotea, nikarudi karibu. Nilikusikia ukiniita. Ningekuja nisingeondoka tena."

Mfanyakazi wa usafi alipita na ndoo. Shemeji alisubiri apite.

"Ulifanya sawa," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayesoma kibao cha barabarani. "Ungekuja tungekufa wote. Nimeipiga hesabu hiyo mara nyingi humu ndani, na jibu ni hilohilo." Aliugeuza mkono wake juu ya shuka. "Lakini nilifurahi, Dakika. Niliposikia kile kikohozi. Sijawahi kufurahi vile maishani mwangu. Kisha nikangoja."

"Nigeuze," shemeji alisema. "Mgongo unauma."

Dakika alinyanyuka, akapitisha mikono chini ya mabega yake. Alikuwa mwepesi, mtu yule aliyekuwa mnene. Upande mmoja kulikuwa na kiti cha mgeni na dirisha lenye jua, upande wa pili ukuta.

"Nikugeuzie wapi?"

"Ukutani."

Dakika akamgeuza, akamfunika vizuri, akaketi nyuma ya mgongo wake mpaka kengele ya wageni ilipolia.