Jumamosi za Narcisa

Kila Jumamosi watu wa mji wa Riobamba humiminika sokoni. Zoila Guamán huwa amekwisha fika. Nguruwe wake wa kuoka yuko mezani, mzima, ngozi imekauka na kung'aa. Zoila hukata kipande kidogo na kumnyooshea mpita njia.

"Onja, kipenzi! Ukionja huondoki!"

Pembeni, binti yake Narcisa hupakua mahindi ya kuchemsha. Narcisa yuko mwaka wa tatu wa masomo ya udaktari. Lakini Zoila humwita daktari, mbele ya soko zima.

"Mama, mimi bado mwanafunzi," alisema Narcisa siku moja. "Na leo nilitakiwa chuoni, kwenye chumba cha mazoezi ya udaktari. Kinafunguliwa Jumamosi tu."

"Kile chenye wanasesere?" Zoila akacheka. "Nimeuza nguruwe miaka yote hii ili mwanangu acheze na wanasesere? Pakua mahindi. Wagonjwa wa kweli watakufundisha."

Narcisa akapakua.

Jumatano alirudi kutoka hospitali macho yamemvimba, akamkuta Zoila jikoni.

"Nimetumwa kumtoa mgonjwa damu, mama. Mikono ikatetemeka. Nimemchoma bibi wa watu mara nne, na mshipa sikuupata. Alilia."

"Bibi gani?"

"Bi Presentación. Muuza viazi."

Zoila akashika kichwa. Meza ya Presentación inatazamana na yake.

"Naacha masomo," alisema Narcisa. "Mikono yangu haifai."

Zoila alimtazama. Hakuweza kuvumilia. Akakunja mkono wa blauzi, akajifunga kamba ya aproni kwa nguvu juu ya kiwiko.

"Sindano unayo? Basi nichome mimi. Mimi silii."

Narcisa alikataa. Zoila akashikilia. Mwishowe Narcisa akachoma, na sindano ikapitiliza mshipa. Kweli Zoila hakulia. Lakini asubuhi mkono ulikuwa umevimba, rangi yake kama mahindi ya zambarau.

Asubuhi hiyo Targelia, muuguzi anayesimamia chumba cha mazoezi, alikuja sokoni kula nguruwe kama kawaida yake. Akauona mkono.

"Bi Zoila! Nani kakufanya hivi?"

Zoila alimweleza yote. Targelia hakucheka.

"Mmefanya kwa mapenzi, lakini mmekosea. Sindano haijaribiwi jikoni. Uchafu unaweza kuingia kwenye damu, na akikosea hakuna wa kumwelekeza. Hebu niambie, wewe kukata nguruwe ulijifunzaje?"

"Kwa mama yangu. Mwaka mzima alinipa miguu na masikio tu. Nguruwe mzima sikumgusa."

"Kwa nini?"

"Nguruwe mzima ni mmoja. Ukishamharibu..." Zoila akaacha kukata. Kisu kilibaki hewani.

"Na Bi Presentación ni mmoja," alisema Targelia taratibu.

Jumamosi iliyofuata, Zoila alimvua binti yake aproni kwa mikono yake mwenyewe.

"Nenda kafanye mazoezi."

"Nani atapakua mahindi?"

"Mikono ninayo miwili."

"Mmoja wa zambarau," alisema Narcisa. Wakacheka wote wawili, kwa mara ya kwanza wiki ile.

Alipomaliza kuuza, Zoila alimpelekea chakula. Alisimama mlangoni mwa chumba cha mazoezi. Narcisa alikuwa amenawa mikono na kuvaa glovu. Mbele yake kulikuwa na mkono wa mpira, wenye maji mekundu ndani ya mishipa.

"Shikamoo, bibi," Narcisa aliuambia mkono ule. "Naitwa Narcisa. Mimi ni mwanafunzi. Unaniruhusu nikutoe damu?"

"Anauomba mpira ruhusa?" Zoila alinong'ona.

"Anazoea kuomba," alijibu Targelia kando yake. "Mgonjwa ana haki ya kuulizwa, na ana haki ya kukataa. Sasa angalia, anautafuta mshipa kwa kidole kwanza. Kwa mgonjwa, akikosa mara mbili, ataacha na kumwita mwenye uzoefu. Hapa akosee hata mara mia. Mkono huu ndio usiolia."

Zoila akaufunika mkono wake kwa shali.

Jumamosi tisa zikapita. Alhamisi moja Presentación alivuka njia, akasimama mbele ya meza ya nguruwe. Tangu siku ile ya sindano hawakuwa wamesalimiana.

"Jana nilirudi hospitali," alisema. "Nimemkuta binti yako."

Zoila aliweka kisu chini.

"Akaniambia, 'Bibi, mimi ndiye niliyekuumiza. Nimefanya mazoezi. Ukitaka mwingine, nitamwita.' Macho yake hayakuniacha." Presentación akakunja mkono wa sweta. "Haya, nitafutie alama ya sindano."

Zoila aliushika mkono ule mwembamba, akaugeuza taratibu kwenye mwanga. Aliona kitone kidogo kimoja tu. Machozi yakamlengalenga.

"Usinililie kwenye nyama," alisema Presentación. "Jumamosi nani anakupakulia mahindi?"

"Hakuna."

Jumamosi Presentación alikuja na aproni yake. Akashika upawa, akapaza sauti kuliko Zoila mwenyewe:

"Onjeni! Nguruwe wa mama wa daktari!"

"Mwanafunzi," Zoila alimsahihisha, akiinua kichwa. "Yuko mazoezini."