Karo Kumi na Moja za Kisima cha Adija

Kila asubuhi Adija alikaa karibu na kisima chake, katika mtaa wa Bwiza. Kisima kilichimbwa na baba mkwe wake. Mtu akija na bido lake la plastiki kuchota maji, alimsalimia Adija kwanza. Adija alipenda hivyo.

Mwaka ule wa 1996, vita vilileta watu wengi mtaani. Nyumba moja ililaza familia tatu. Vyoo vilichimbwa harakaharaka, popote penye nafasi. Mvua iliponyesha, watoto wakaanza kuharisha. Hayat, binti wa Adija wa miaka mitatu, aliharisha siku nne, akabaki macho tu.

Mathilde, muuguzi wa dispanseri, aliwaomba wanawake wawili wahesabu nyumba zenye wagonjwa. Adija alipewa upande wake wa barabara. Fabiola, Mkongomani aliyetoka Uvira, alipewa upande wa pili.

"Ofisi ya maji italeta robine moja tu, bomba la watu wote," alisema Mathilde. "Mkubwa wao anakuja Alhamisi. Hana muda wa hadithi. Mwonyesheni shida iko wapi."

Jumatano Adija alileta daftari lenye kurasa tisa. Fabiola alileta karatasi moja. Mathilde alifunua daftari la Adija, akarudi kurasa za mwanzo, akafunua tena.

"Mama Hayat, umefanya kazi nyingi. Lakini sioni kitu."

Akashika karatasi ya Fabiola. "Hii inasomeka mara moja!"

Moyo wa Adija uliwaka. Alifika nyumbani akifoka.

"Mutu wa kuja juzi! Mi nimezaliwa hapa! Na mwandiko wake ni kama kuku amechakura!"

"Basi kuku wake anasomeka," alisema mumewe, Atumani.

Adija alichukua daftari, akavuka barabara. Fabiola alikuwa anachambua mboga.

"Karibu, Mama Hayat. Kaa."

"Sikuja kukaa. Nionyeshe ile karatasi yako."

Fabiola alimpa. Adija aliisoma kwa kununa. Ilikuwa rahisi, na hilo lilimuudhi zaidi.

"Upande wangu nyumba tatu tu zina wagonjwa," alisema Fabiola. "Nadhani robine inafaa ije kwako. Leta daftari."

Adija hakutaka msaada wake. Lakini Alhamisi ilikuwa kesho. Akakaa.

Fabiola alisoma ukurasa wa kwanza. "Umeanza na Mzee Shakuru."

"Ni mukubwa wetu. Nianze na nani? Na wapangaji?"

"Kwa karamu ni sawa. Lakini kuharisha hakujui mzee. Ukipanga watu kwa heshima, wa kisima na wa bomba la jirani wanachanganyika. Tupange kwa maji wanayokunywa."

Akapiga mistari. Juu akaandika jedwali linahusu nini. Wakasoma majina yote, moja moja.

Nyumba zenye mtoto anayeharisha, upande wa Adija

| Maji ya kunywa | Nyumba zote | Zenye mgonjwa |
|---|---|---|
| Bomba la jirani | 20 | 2 |
| Kisima | 20 | 11 |

"Kwa nini uandike nyumba zote?" aliuliza Adija. "Andika wagonjwa tu."

"Apana. Wagonjwa kumi katika nyumba kumi ni balaa. Wagonjwa kumi katika nyumba mia ni jambo lingine. Sasa tuchore. Nyumba moja yenye mgonjwa ni karo moja, kisanduku kidogo cha pembe nne."

Adija alichukua kalamu. Alichora karo mbili za bomba, kubwa kama masanduku. Za kisima akazichora ndogo kama punje za mchele. Fabiola akacheka.

"We Mama Hayat, unamudanganya nani? Karo zote ziwe sawa. Na zote zianze kwenye mustari mumoja."

Adija alichora upya.

Bomba: ■ ■
Kisima: ■ ■ ■ ■ ■ ■ ■ ■ ■ ■ ■

Akaweka kalamu chini. Hicho ndicho kisima cha baba mkwe wake. Kesho watu wote wangeona. Angeweza kuichana karatasi ile, na Fabiola asingemzuia.

"Hayat yuko karo gani?" aliuliza.

"Yoyote. Hapa hakuna jina."

Adija aliweka kidole kwenye karo ya mwisho. Kisha akaikunja karatasi vizuri, akaenda nayo.

Alhamisi mkubwa wa maji aliitazama karatasi akiwa amesimama.

"Nyumba kumi na moja kati ya ishirini! Kisima hiki ni cha nani?"

Majirani walitazama chini.

"Changu," alisema Adija. "Kifungeni."

Mafundi walikuta choo kipya hatua nane tu kutoka kisimani. Kisima kilifunikwa. Mathilde aliwaambia watu wachemshe maji ya kunywa mpaka robine ifike. Baada ya wiki tatu robine ilifika.

Mwezi uliofuata Adija alihesabu tena nyumba zilezile ishirini za kisima. Safari hii ni nyumba moja tu iliyokuwa na mgonjwa. Alichora mwenyewe: karo kumi na moja za zamani, na chini yake karo moja ya sasa. Akabandika kwenye ukuta wa dispanseri. Watu walikuja kusoma, hata wasiojua kusoma vizuri walielewa. Adija alisimama pale, kifua mbele.

Fabiola akaja. Akatazama kwa muda mrefu.

"Nzuri sana," alisema. "Ila umesahau tarehe. Mutu atajuaje ni ya lini?"

Adija alimkata jicho. Akatazama ukutani. Akatazama watu.

"Nipe kalamu," alisema.