Tuliyemwita kwa Mbege

Jioni hiyo nilishuka mfongoni kukata majani ya ng'ombe. Mfongo ni mtaro wa maji unaopita chini ya kihamba chetu, yaani shamba la ukoo wetu hapa Mamba mlimani, na ng'ambo yake ni shamba la jirani yetu Basili. Mimi ni mwalimu wa historia, lakini ng'ombe haulizi cheti, na mdogo wangu Godlove, ambaye zamu ilikuwa yake, hakuonekana tangu mchana. Nilikuwa nakata huku namsema peke yangu.

Ndipo nikasikia hatua.

Tu... kwaa. Tu... kwaa.

Mguu mmoja unakanyaga. Mwingine unaburuzwa.

Halafu ikaja harufu. Jasho la mnyama, ngozi iliyolowa. Haikuwa ya ng'ombe wala ya mbuzi. Nilikuja kuijua miezi mingi baadaye, nilipopita karibu na zizi la farasi wa watalii kule Siha, nikageuza njia.

Godlove akatokea kati ya migomba. Hakunisalimia. Alisimama mguu wa kulia ameupinda, akautazama mlima. Kilele cha Kibo kilikuwa wazi, cheupe, na chini yake kumeshaanza giza.

"Theluji ile," akanong'ona, "inavukwa wapi?"

Nikacheka. Godlove ni mpagazi. Mizigo ya watalii aliyoipandisha huko juu haina idadi. Nikajua anafanya mazoezi ya mchezo wetu wa kuigiza.

"Acha maigizo, ng'ombe hajala."

Akageuka kunitazama. Macho yalikuwa ya Godlove. Aliyekuwa akitazama kwa macho hayo sikumjua.

Mchezo niliuandika mimi, kwa ajili ya kikundi chetu cha vijana kilichoalikwa kwenye mashindano Bomang'ombe. Nilimchagua Timuri kwa sababu ana visa, na darasa huamka likisikia habari zake. Alikuwa amiri wa Samarkandi, Mwislamu, zaidi ya miaka mia sita iliyopita. Mguu na mkono wake wa kulia viliharibika vitani, watu wakamwita Timuri Kiwete, na kiwete huyo akaipiga Delhi, Baghdadi na Dameski. Wengi aliowaua walikuwa waumini wenzake, maana mtu wa namna hiyo hakuulizi unasali wapi. Mji uliomfungia malango, vichwa vya watu wake vilijengwa kuwa minara. Mji uliofungua aliuacha hai, akachukua alichotaka. Alifia safarini wakati wa baridi kali, akielekea China.

Mchezo ulikuwa mzuri ila ulikosa mwanzo. Mwanzo aliubuni Godlove, aliyepewa nafasi ya Timuri. Siku ya mazoezi, nyuma ya nyumba yetu, alikwenda penye masale walipolala babu zetu. Masale ni yale majani marefu tunayopanda kwenye makaburi na mipakani. Akashika kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, akamwaga kidogo chini, akamwita yule mfalme jinsi wazee wa zamani walivyowaita wafu wao: kwa jina lake, kwa jina la baba yake Taragai, kwa babu zake waliotangulia. Akamwambia, njoo unywe, mlango uko wazi.

Tukapiga makofi. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. Mama yetu ni mzee wa kanisa, tena si wa kutania.

"Huyo uliyemwita ni wa ukoo gani?"

"Si wa ukoo wowote mama. Ni mchezo tu."

"Basi mwambie arudi kwao."

Hakuna aliyemwambia.

Baada ya jioni ile ya mfongoni, Godlove akawa anaondoka kila jua likizama. Anaacha chakula, anatoka bila viatu, anapanda. Tu... kwaa. Mara ya kwanza tulimrudisha kutoka kanisani. Mara ya pili wapagazi wenzake walimkuta ameshapita mashamba yote, yuko ukingoni mwa msitu. Tulimpeleka hospitali, wakampiga picha mguu na kusema hauna kitu. Mchungaji akaja akaomba hadi sauti ikamkauka. Mguu ukazidi kukonda, na mkono wa kulia ulikuwa umekakamaa. Usiku nilipomfunika blanketi niligusa vidole vyake vya miguu na nikarudisha mkono haraka. Vilikuwa vya baridi, vigumu, na kucha zimeanza kuwa nyeusi. Nimewahi kuona vidole vya namna hiyo kwa watu walioshushwa kutoka Kibo kwenye machela. Mdogo wangu alikuwa amelala kitandani, karibu na jiko lenye moto.

Nilijua anakoelekea. Mimi ndiye niliyesoma vitabu. Safari ile iliishia kwenye baridi, na safari hii mwili ulikuwa wa Godlove.

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Baba yetu Eliona alipofariki Godlove alikuwa bado ananyonya, na ni mimi niliyembeba mgongoni.

Jioni alipotuponyoka tena, ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Mama alikwenda penye masale, akakata jani moja, akalifunga fundo. Kwetu mtu akikuletea isale kuomba amani huwezi kumkataa, hata kama amemuua ndugu yako.

"Mpelekee," akasema.

"Mama, yule si Mchagga."

"Alikunywa mbege yetu. Nenda."

Nikapanda. Sikuona mbele hatua tatu. Nilifuata mlio. Mashamba yakaisha, miti mikubwa ikaanza, na ile harufu ikanipiga usoni. Nikasikia pumzi pande zote. Pumzi nzito, za wanyama wengi wakubwa waliosimama kimya wakingoja. Chuma kikagonga chuma... mara moja... kikanyamaza.

Mlio wa mguu ukakoma.

Godlove alikuwa amekaa juu ya jiwe, mbele yangu, amenipa mgongo.

"Amiri," nikanong'ona.

"Niliitwa." Sauti ilikuwa ya mdogo wangu, lakini ilitoka polepole, kama ya mtu asiyezoea kurudia jambo. "Nikatajiwa baba yangu. Nikapewa kinywaji. Tangu nilipolala hakuna aliyenikaribisha mahali popote. Kote niliingia mwenyewe."

"Tunaomba amani."

"Ninyi ni nani?"

"Watu wa kihamba cha Eliona."

"Mmefunga au mmefungua?"

Nilielewa swali vizuri sana. Nimelisahihisha kwenye mitihani.

"Tumefungua," nikasema. "Chukua unachotaka. Mwache huyu."

Akageuka. Ule mkono wa kulia, uliokakamaa tangu alipoanza kuugua, ukanyooka mbele yangu. Nikaweka isale kiganjani. Vidole vikalifumba.



Halafu Godlove akaanguka, akaanza kulia kama mtoto, akiniuliza kwa nini tuko msituni na viatu vyake viko wapi.

Nilimbeba mgongoni mpaka nyumbani. Alishanizidi uzito muda mrefu, ila sikuhisi.

Wiki ile ile mguu ulijaa nyama. Kucha zikaota nyingine. Alirudi kazini, akacheka na wenzake, akala kwa watu wawili. Nilimshukuru Mungu kwa sauti kanisani na nikatoa sadaka. Mchezo niliuchoma.

Basili ndiye aliyeona kwanza. Alikuja asubuhi na panga, hajanywa hata chai.

"Mwalimu, sikutegemea kwenu. Mnahamisha mpaka usiku?"

Tukashuka naye. Masale ya mpakani yalikuwa yamevuka mfongo. Yalisimama ndani ya shamba lake, katikati ya kahawa, mstari umenyooka. Hayakuwa miche. Yalikuwa na mashina manene yenye ukungu wa mti, na mizizi iliyoshika kama ya kupandwa enzi za babu. Upande wetu hapakuwa na shimo hata moja.

Huku mlimani mtu anaweza kukusamehe mambo mengi, lakini si mpaka. Nilimwapia Basili kwa jina la baba yangu. Akaniangalia kwa dharau, akayang'oa yote, akayatupa majini.

"Sitoi hata upana wa kiganja," akasema. "Si kwenu, si kwa mwingine."

Nilitaka kumwambia asiseme hivyo kwa sauti. Nikaona haya.

Siku chache baadaye, binti yake Stella, anayesomea uuguzi, alirudi nyumbani akiburuza mguu. Jua lilipozama tukamsikia akipita njiani, anapanda. Mama akafunga dirisha. Tulikaa watatu jikoni. Nitasema ukweli nilivyouhisi: nilifurahi kwamba hatua zile zilipita mlango wetu.

Basili alikuja wakati mashavu ya mtoto wake yamekwisha. Alivua kofia mlangoni. Panga hakuwa nalo.

"Mwalimu, wewe ulimwambia nini?"

Nikamwambia. Nilimfundisha neno kwa neno, na alirudia nyuma yangu. Isale alikata mwenyewe.

Stella amepona. Anasoma, na mguu wake hauna kasoro. Masale yamerudi kwenye shamba la Basili, na sasa yamefika nyuma ya mahindi yake, yanatazama kwa jirani wa chini. Basili hayagusi. Jirani wa chini aling'oa, akajuta, akafungua. Na wa baada yake. Pande zote mbili za mfongo hakuna mgonjwa. Kahawa imezaa kupita kiasi, na hatujui tunamlimia nani. Penye kaburi la baba hapaoti tena kitu. Mama anasema wenyewe waliolala pale wameondoka, na anasema hivyo bila kulia.

Darasani zamani nilikuwa nawauliza wanafunzi: mtu mmoja, tena kiwete, aliwezaje kutawala nchi kubwa namna ile? Walitaja farasi, walitaja mishale, na nilikuwa nawapa alama zote.

Siulizi tena.

Jana jioni Godlove alitoka kazini akasema masale yameonekana kule Kilema, kwenye shamba la watu wenye watoto wadogo. Alisema mwenye shamba anatafuta jembe. Mama akaacha kuchambua mchele.

"Elisifa," akaniambia, "wahi kabla hajang'oa. Kawaambie wafungue mapema, watoto wasije wakateseka."

Aliongea kwa upole, kama anavyowaongelea wagonjwa wa jumuiya yake. Ilikuwa huruma ya kweli.

Nikavaa viatu, nikaenda.